Kuunda hitilafu kwa mkono

Wiki hii naandika maelezo ya klasi (aina) za hitilafu, yaani exceptions, zinazokuja na Python, lugha ya kuandikia programu. Namna ya kuzidaka imeshaelezwa vya kutosha. Ninachotaka mimi ni upande wa anayerusha, yaani anayetangaza kwamba kosa limetokea: ukiunda hitilafu mwenyewe, unaipa nini, na kwa mpangilio upi?

Nyingi hazina matata. ValueError na TypeError hupokea chochote, zikakiweka kwenye args, yaani fungu la argumenti (vitu ulivyoipa hitilafu), basi.

OSError, ya makosa yatokayo kwenye mfumo wa kompyuta, ndiyo yenye vituko. Ukiipa ujumbe peke yake, errno, yaani namba ya kosa, hubaki None (tupu). Lakini andika OSError(2, "faili halipo"), kisha uliza umepata klasi gani: utajibiwa FileNotFoundError, klasi iliyo chini ya OSError. Umemwita mzazi, kaja mtoto! Mtindo huu uliingia na toleo la 3.3, mwaka 2012, IOError ilipogeuzwa kuwa jina la pili tu la OSError. Ukiongeza jina la faili kama argumenti ya tatu, utalikuta kwenye filename, ila ndani ya args vimo vitu viwili tu. Ni kwa ajili ya programu za zamani zilizozoea viwili. Sababu naielewa, sijaipenda tu. Msomaji anayetegemea args atashangaa jina lake limekwenda wapi, kwa hiyo jambo hili nimelipandisha juu kabisa ya ukurasa.

UnicodeDecodeError, ya baiti zilizoshindikana kugeuzwa maandishi, haina mzaha: inadai vitu vitano, yaani jina la usimbaji (kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti), baiti zenyewe, mwanzo wa sehemu mbovu, mwisho wake, na sababu. Punguza kimoja, utarushiwa TypeError. Na huo mwisho hauhesabiwi: baiti ya kwanza ikiwa ndiyo mbovu, unaandika 0 na 1. Bila mfano, hapo kila mtu atakisia, kwa hiyo nimeweka mfano mzima unaoweza kunakiliwa na kuendeshwa.

KeyError, ya ufunguo uliotafutwa usipatikane, nayo huonyesha ujumbe wako ukiwa ndani ya alama za nukuu. Wengi hudhani ni kasoro, kumbe imekusudiwa: ufunguo ukiwa maandishi matupu, bila nukuu usingeonekana kabisa.

Imebaki SyntaxError, ya msimbo ulioandikwa kinyume cha sarufi ya Python. Argumenti yake ya pili ni fungu zima: jina la faili, namba ya mstari, nafasi, na maandishi ya mstari wenyewe; tangu toleo la 3.10 waweza kuongeza mahali kosa linapoishia. Hiyo naipa ukurasa wake.