Maziwa bila mtoto

Mwaka jana nilikaa miezi mitano sijaona siku zangu na mimba hakuna, nimepima na vile vijiti mpaka dada wa famasi akawa ananitania. Shangazi akaniletea mizizi ya kuchemsha ati kizazi kimeziba. Ultrasaundi mara mbili, kizazi safi. Halafu siku moja natoka kuoga naona titi linatoa maziwa, na mimi sijawahi kuzaa jamani!!

Daktari wa tatu ndo akaniandikia kipimo cha prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, ikaja juu sana, akasema nenda MRI ya kichwa, yaani kupigwa picha ya ndani. Kichwa tena? Nikajua kachanganya faili.

Kumbe hedhi inaanzia huko huko. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, yenyewe inabipu tu, yaani inatoa homoni ya GnRH kidogo inanyamaza, baada ya saa moja au moja na nusu hivi inabipu tena, na anayebipiwa ni pituitari, kitezi cha saizi ya njegere kimekaa kwa nyuma ya pua, ndo kinamwaga homoni za LH na FSH kwenye damu zikaamshe mayai (kwa wanaume zinaenda kwenye korodani). Miaka ya 1970 kule Marekani, mtafiti Ernst Knobil na wenzake waliwapa nyani hiyo homoni mfululizo bila kukata, pituitari ikazima, wakarudi kuitoa mara moja kwa saa ikaamka. Simu ikiita bila kukatika, hapokei! Mpaka leo kuna dawa za saratani ya tezi dume zinatumia ujanja huo huo kushusha testosteroni.

Sasa prolaktini nayo inatoka pituitari, ubongo unaibana kwa kemikali yake inaitwa dopamini. Mimi nilikuwa na kivimbe cha milimita 6, sio saratani, kinaitengeneza kwa fujo, na ikizidi inakata zile bipu, ndo maana hata mama anayenyonyesha anaweza kukaa miezi bila hedhi. Daktari aliniuliza pia kama natumia dawa za kuzuia kutapika au za magonjwa ya akili, kuna ambazo zinazuia dopamini.

Nikapewa kabagolini, dawa inayoiga dopamini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki, usiku, maana inaleta kizunguzungu na kichefuchefu balaa. Wiki ya tisa siku zangu hizo hapo.

Shangazi anasema ni ile mizizi.