Maharagwe ya mama yalivyonivusha kwenye petrolojia

Nilizaliwa Goma, katika nyumba iliyojengwa juu ya lava na kuzungushiwa ukuta wa lava. Mawe ya ukuta huo yaliletwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, kutoka kwenye mkondo wa tarehe 17 Januari 2002, ule ulioteremka kutoka volkano ya Nyiragongo, ukapita katikati ya mji na kuishia Ziwa Kivu. Kwa hiyo nilipoingia jiolojia nilijiambia kwamba miamba moto ni somo la nyumbani. Mtihani wa kwanza wa petrolojia, yaani elimu ya miamba, nilipata 7 juu ya 20, na jina langu likabandikwa kwenye orodha ya sesheni ya pili, ya wanaorudia mtihani, mahali ambapo hata muuza mandazi wa getini aliweza kulisoma.

Majina ya miamba hayakunishinda. Kukariri nefeliniti, basaniti na sieniti ni kazi ya wiki moja. Kilichoniangusha ni normi, ile hesabu waliyoibuni Wamarekani wanne mwanzoni mwa karne ya 20: Cross, Iddings, Pirsson na Washington. Maabara inakupa uchambuzi wa jiwe: silika asilimia kadhaa, alumina kadhaa, chokaa, soda, potasi. Wewe unageuza kila asilimia kuwa moli, yaani hesabu ya chembe badala ya uzito, kisha unagawa moli hizo kwa madini kwa utaratibu usiobadilika, kana kwamba magma, ule mwamba ulioyeyuka, imepoa bila maji. Ubaoni hesabu ilikwenda vizuri mpaka pale silika ilipokwisha. Hapo Prof alisema, "Mkipungukiwa, rudini nyuma," akafuta ubao. Turudi nyuma wapi, na kwa nini? Sikuuliza. Tulikuwa wengi, na aliyeuliza alichekwa.

Mama yangu anauza maharagwe soko la Virunga. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikawa nimekaa naye mkekani, yeye anachambua, mimi nina karatasi na tochi ya simu. Uchambuzi niliokuwa nao ulikuwa wa lava ya Nyiragongo: silika yapata asilimia 40, soda na potasi kwa pamoja zaidi ya asilimia 10. Basalti ya kawaida ina silika kati ya asilimia 45 na 52, hivyo hii yetu ni maskini kweli wa silika. Nikageuza kuwa moli, nikaamua kila punje ya haragwe iwe sehemu moja ya mia ya moli. Nikahesabu punje 66 za silika, nikaziweka katikati.

Wa kwanza kula ni potasi. Ili iwe ortoklasi, aina ya felspa, kila sehemu moja ya potasi inadai silika sita. Nilikuwa na sehemu 6, kwa hiyo punje 36 zikaondoka. Ikaja soda, sehemu 9, nayo ili iwe albiti, felspa nyingine, inadai sita sita: punje 54. Jumla 90, na mimi nina 66. Chokaa, chuma na magnesi walikuwa bado hawajaonja hata punje moja, na piroksini, moja ya madini yao, peke yake ingetaka zaidi ya 30.

Mama aliuliza ninahesabu nini. Nikamweleza kwamba kuna wageni na chakula hakitoshi. Hakusita: "Papa, si unapunguza sahani? Mgeni haufukuzi."

Basi ni hivyo tu. Soda haifukuzwi, inashushwa kutoka albiti ya silika sita mpaka nefelini ya silika mbili. Potasi inashuka kutoka ortoklasi ya sita mpaka leusiti ya nne. Nikapanga upya: 18 za soda, 24 za potasi, zikabaki 24 kwa wengine. Bado hazikutosha, kwa hiyo baadhi ya potasi ikashuka tena mpaka kalsiliti, silika mbili. (Kuna hatua za chokaa na titani nimeziruka hapa; anayezihitaji atazikuta kwenye sillabu yake.) Usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini jiwe la ukuta wetu halina felspa, na kwa nini lava ya Nyiragongo hukimbia kama uji mwepesi: silika ndiyo inayoshikana minyororo na kuifanya magma iwe nzito, na hapa haipo ya kutosha.

Miamba geu, ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ilikuwa na shida nyingine: Goma hakuna pa kuigusa. Kianiti, andalusiti na silimaniti zina kemia ileile, alumina moja na silika moja, zinatofautiana kwa joto na mgandamizo tu, lakini kwangu zilikuwa pembetatu tatu kwenye mchoro. Mwenzangu wa darasa aliyetoka Masisi aliniletea mfuko wa shisti, miamba geu ya kwao, zinazometameta mika, na ndani yake mishipa myeupe ya kwazi, yaani silika tupu. Nilizilalia na kuziamkia. Siwezi kusema nilipata ujanja wowote wa kuzielewa. Nilizishika tu mpaka zikazoeleka.

Mishipa ile ya kwazi ilinifaa mahali ambapo sikutarajia. Mashine ya kukata lamu mensi, kile kipande chembamba cha jiwe cha kutazama kwa hadubini, ilikuwa imeharibika, na kazi ya vitendo ilikuwa na alama zake. Nikaamua kusaga kwa mkono: kipande cha lava kilichogandishwa kwenye kioo, karatasi za msasa kuanzia kali mpaka laini, maji, na subira ya siku nne. Unatakiwa ufike unene wa milimita 0.03, na kipimo chake ni kwazi yenyewe: ikiwa bado ni ya njano kwenye vichuja mwanga vya hadubini vilivyopishana, endelea kusaga, ikiwa kijivu au nyeupe, umefika. Lava yetu haina kwazi hata chembe. Kwa hiyo nikagandisha kipande kidogo cha mshipa wa Masisi pembeni ya lava, nikavisaga pamoja.

Sesheni ya pili nilipata 13. Siku ya vitendo asistenti aliiweka lamu yangu chini ya hadubini, akaizungusha polepole. Akaona piroksini, akaona meliliti na ile bluu yake ya ajabu. Kisha akasimamisha mkono.

"Hii kwazi imetoka wapi? Nyiragongo haina kwazi."

"Masisi, Asista."