Yai Viza

Jana asubuhi binti yangu alivunja yai viza jikoni, na mimi, badala ya kwenda jikoni kama mtu mwenye akili, nikakimbilia chumbani nikanyanyua godoro. Chini ya godoro langu siku hizi hakuna kitu. Vumbi, na soksi moja. Nikabaki nimesimama pale nimeshika pembe ya godoro, moyo unanienda mbio, naye yuko mlangoni na bakuli lake, amejibana pua kwa vidole viwili.

"Mama, yai liko huku. Unatafuta nini huko?"

Natafuta betri, mwanangu.

Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza na Kobe, mimi na Shangazi. Kobe alikuwa trela la kulala lililokwisha kutumika, la kuvutwa na gari, na hakuja na kitabu cha maelezo. Alikuja na funguo tatu, mpira wa maji taka uliopasuka, na neno moja la aliyetuuzia: "Mtajifunza njiani." Tulijifunza. Siku ya kwanza tulimfungua kwenye gari bila kuweka kabari kwenye magurudumu, akaanza kurudi nyuma taratibu kama mgeni anayeaga kwa aibu, mpaka Shangazi alipomsukumia jiwe. Tukajua kwamba valvu ya tangi la choo hukaa imefungwa hadi tangi likaribie kujaa, maana ukiiacha wazi maji hutoka na yasiyo maji hubaki yakijenga mlima. Kwamba humwagwa tangi la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu, ili haya ya pili yasuuze mpira. (Jinsi tulivyoujua utaratibu huo sitaisimulia, na Shangazi amenikataza.) Kwamba friji ya gesi haipendi kulala upande, kwa hiyo pima maji ilikuwa haikosekani mkononi kila tulipoegesha. Kwamba kipasha maji hakiwashwi kikiwa kitupu. Kwamba tairi linaweza kuwa na kashata nzima na bado likawa zee, na umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zetu, tulizoambiwa ni kama mpya, zilikuwa na miaka tisa.

Yote haya niliyaandika kwenye daftari. Mnanijua, mimi ni mtu wa daftari. Kulikuwa na ukurasa niliouandika kwa herufi kubwa, VINAVYOUA, na gesi ilishika nusu ya ukurasa ule. Kwamba gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ule uvundo hutiwa makusudi ili tuisikie. Kwamba ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, ndiyo maana kile kidude cha kuinusa hufungwa chini karibu na miguu na si juu darini. Kwamba ukiisikia huwashi taa wala huzimi, kwa sababu ya cheche. Unafungua mlango, unatoka, unafunga mtungi. Nilimkaririsha Shangazi mpaka akachoka.

Ukurasa wa betri ulikuwa na mstari mmoja: "Ziko mbili, chini ya kitanda changu. Zinafanya kazi."

Mwezi wetu wa pili na Kobe, baridi ikaanza. Kutoka kwenye sanduku la betri kulikuwa na mpira mwembamba uliopenya sakafu kwenda nje, na upepo wa usiku ulipanda nao ukanipata mgongoni, godoro na yote. Nikauangalia mpira ule. Haukuunganishwa na bomba lolote, haukutoa maji, haukuwa na kazi niliyoweza kuiona. Nikachukua utepe mweusi wa umeme nikauziba mdomo. Nilizungusha mara tatu. Usiku ule nililala vizuri sana.

Wiki tatu baadaye, kwenye kambi tuliyokuwa tumeegesha muda wote huo tukiwa tumechomeka umeme mchana na usiku, kidude kikalia. Saa nane za usiku, mvua inanyesha. Kama hujawahi kukisikia, ni sauti inayokuingia kwenye meno. Taa yake nyekundu ilikuwa inamulika sakafu, na harufu ilikuwa imejaa. Yai viza, hasa.

"Usiguse swichi!" nikapiga kelele, na Shangazi, ambaye mkono wake ulikuwa umeshafika ukutani, akaurudisha kana kwamba ukuta umemng'ata. Tulitoka. Nikazunguka mbele nikafunga mitungi yote miwili kwa nguvu ambayo kesho yake ilinipa shida kuifungua. Milango wazi, madirisha wazi, sisi chini ya mti tumejifunika blanketi moja, na ninakiri kwamba katikati ya hofu nilijisikia fahari. Daftari limefanya kazi! Kidude kikanyamaza. Tukangoja, tukarudi, tukafunga madirisha kwa sababu ya mvua, tukajilaza.

Kikalia tena.

Mtungi umefungwa karibu saa nzima. Jiko limezimwa. Sasa gesi inatoka wapi? Tulipotoka mara ya pili mzee wa trela la jirani alikuwa ameshasimama mvuani na tochi. Mpaka usiku ule tulikuwa tunapungiana mikono tu. Mimi peku kwenye matope, king'ora kinalia nyuma yangu, mdomo ukatoa kilichouzoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtungi mmefunga?"

"Tumefunga tangu mwanzo."

"Na bado?"

"Na bado."

Alinyoosha pua mlangoni, kidogo tu, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwamo daftarini: alikwenda kwenye nguzo ya umeme akazima swichi yetu huko huko, akachomoa waya. Akatuambia tungoje, hewa ipite. Tulingoja muda mrefu, mvua inagonga paa la Kobe, hakuna anayezungumza. Alipoona inatosha aliuliza, "Betri zenu ziko wapi?" nami nikaonyesha kitanda changu kama mtoto anayeonyesha alipovunja kitu.

Nikamnyanyulia godoro. Alipiga magoti, akatoa mfuniko wa sanduku polepole kwa mikono miwili, akauweka pembeni bila kuugonga. Hakugusa waya. Alisogeza mgongo wa mkono wake juu ya betri ya kwanza, kama tunavyompima mtoto homa. Akatikisa kichwa: nzima. Akausogeza juu ya ya pili na kabla haujafika akaurudisha. Akanitazama. "Weka mkono. Usiguse." Nikaweka. Joto lilikuwa linapanda kama kutoka kwenye birika lililoepuliwa sasa hivi, na kwenye mwanga wa tochi niliona ubavu wa betri umevimba, umetoka nje kama shavu la mwenye jipu la jino. Vumbi la kijani kwenye vichwa vya waya. Na ule uvundo, karibu hivyo, ulikuwa mkali hadi machozi.

Tochi ikaendelea kushuka, ikaufuata mpira mwembamba hadi mwisho wake, ikatua kwenye utepe mweusi.

Hakusema kitu. Aliufungua, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, akaufinyanga kati ya vidole ukawa kidonge, akautia mfukoni.

"Umeona nini?" Shangazi akauliza kutoka mlangoni, blanketi hadi kidevuni.

"Betri moja imekufa, dada," akasema. "Imechemka."

Asubuhi, zilipopoa, alituletea somo na kipima volti. Alitenganisha betri mbili zile, akapima: moja ilisoma 12.6, nyingine 10.5. Betri ya volti 12 ni seli sita, alisema, kila moja volti mbili na ushei kidogo, ukikuta 10.5 ujue seli moja imekwenda. Chaja ya Kobe, ya kizamani, haikujua hilo. Iliendelea kusukuma volti 13.6 zilezile usiku na mchana kwa wiki tatu, na seli tano zikawa zinabeba mzigo wa sita. Zikachemka. Zikichemka hivyo, ile asidi yenye salfa hutoa hewa inayonuka yai viza, tena hewa ya sumu, na pamoja nayo haidrojeni, ambayo cheche moja huitosha. Kidude chetu kilikuwa kimenusa sawasawa kabisa. Sisi ndio tuliompa mshukiwa jina lisilo lake.

Alifungua vifuniko vya betri nzima nikachungulia na tochi. Vyuma vilikuwa wazi, vikavu juu, rangi ya kijivu ya kitu kilichokaa na kiu muda mrefu. "Mara ya mwisho mlizipa maji lini?" Shangazi akaniangalia mimi. Sikujua kwamba zinakunywa. Akatuonyesha: maji yaliyosafishwa tu, si ya bomba, kwa sababu ya chumvi zake, vyuma vikiwa wazi unaongeza kiasi cha kuvifunika tu, unachaji kwanza, kisha ndipo unajaza hadi chini kidogo ya shingo, maana yakichajiwa hupanda, na ukijaza mapema asidi itamwagikia humo humo. Aliyasema haya akinieleza mimi zaidi kuliko Shangazi. Kuhusu kazi ya mpira ule mwembamba alisema sentensi moja, akiwa ameinama, kwa sauti ya chini: "Huu ni wa kupumulia."

Tulinunua betri nyingine. Daftari likapata kurasa tatu za betri, na kila tarehe moja ya mwezi nikawa napiga magoti na tochi.

Nimejaribu mara kadhaa kujua daftari lile lilitufaa au lilituponza. Ukurasa wa VINAVYOUA ndio uliotutoa nje na kuuzuia mkono wa Shangazi usiguse swichi. Ukurasa huohuo ndio ulionifanya nifunge mitungi na kurudi kulala juu ya tatizo lenyewe. Siku nyingine nalitetea, siku nyingine hapana.

Shangazi yeye hana mashaka. Miaka yote tuliyokuwa na Kobe, na hii yote tangu tulipomuuza, amemlaumu aliyetuuzia: alitupa betri mbovu. Zilikuwa kuukuu kweli, kwa hiyo sijawahi kumbishia.

Haya yote nilimweleza binti yangu jana, tukiwa bado na bakuli lile kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alichouliza.

"Sasa ule mpira nani aliuziba?"

Sebuleni, Shangazi akapunguza sauti ya redio.

Nikamwambia binti yangu akamwage lile yai kwanza.