Siku Mbili katika Baridi ya Lushoto

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, mimi na dada yangu tuliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa basi la Lushoto, tukiwa tumechoka kiasi kwamba mpaka tunafika Segera tulikuwa hatujazungumza maneno kumi. Uchovu ule ulianza kutuachia pale Mombo, basi lilipoiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kuupanda mlima wa Usambara. Ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, na kadiri tulivyopanda ndivyo abiria walivyozidi kufunga madirisha. Tulipoyapita maporomoko ya Soni, dada alikuwa amekwisha kuvaa sweta.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa bondeni katika kimo cha mita kama 1,400, na mikaratusi imeuzunguka. Wajerumani, ambao waliupenda kwa sababu ya hali yake ya hewa, waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo limebaki vitabuni, na Lushoto ni ya Wasambaa. Usiku ule tulijifunika mablanketi mawili mawili, hapana feni wala honi ya bodaboda, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mwaka uanze.

Jumamosi asubuhi tulitembea kwa miguu kwenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwa njia inayopita katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na kabichi. Njiani tulimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akipalilia.

“Marahaba, wanangu. Msiharakishe, ukungu bado haujaondoka huko juu.”

Alisema kweli. Tulipofika ukingoni mwa jabali hatukuona kitu ila weupe mtupu, tukakaa juu ya mwamba kusubiri. Katika kusubiri huko ndipo dada aliponieleza mambo ya kazini kwake ambayo kwa miezi mitatu alikuwa ameyafungia moyoni. Sikuwa na ushauri wa kumpa. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha ukungu ukapasuka, na chini kabisa yakatokea mashamba ya mkonge ya Mazinde, yamepangwa mistari, na nyuma yake nyika ya Wamaasai isiyo na mwisho. Tulikaa pale mpaka jua lilipokuwa kali.

Wakati wa kurudi tulipumzika katika shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, tukala mkate mzito mweusi kwa jibini na jemu vinavyotengenezwa papo hapo. Dada alikula vipande vinne, yeye ambaye kwa majuma mengi chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Jumapili tuliteremka na kabichi mbili na mfuko wa karoti miguuni. Joto la Mombo lilitupokea, madirisha yakafunguliwa, na dada akaendelea kunisimulia habari zake mpaka Chalinze.