Chumba cha fundi cherehani: jinsi nilivyojifunza kusimulia kwa vitu

Mwaka jana nilitumia miezi saba kutengeneza mchezo mdogo wa video ambao ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Kuna chumba tu, chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho sisi wa Uganda tunakiita muzigo, chenye pazia linalotenganisha kitanda na mahali pa kukaribishia wageni. Mchezaji ni binti wa mwenye nyumba, ambaye baba yake amemtuma afungue mlango kwa ufunguo wa akiba kwa kuwa mpangaji, mama mmoja fundi cherehani, hajaonekana kwa wiki tatu. Binti huyo anaingia, anatazama, anashika vitu na kuvigeuza, kisha anatoka. Anatakiwa atambue kilichotokea, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamweleza kwa maneno.

Tamaa hiyo niliipata kwa kucheza kazi za wenzetu. Katika mchezo wa Gone Home, uliotoka mwaka 2013, msichana anarudi kwao Oregon usiku mmoja wa Juni 1995 na kukuta nyumba tupu. Ukiingia bafuni unaona madoa mekundu ndani ya beseni la kuogea na moyo unakupasuka, mpaka unapoiona chupa ya rangi ya nywele pembeni. Watengenezaji walijua vizuri kwamba mtu aliyezoea michezo ya kutisha ataona damu, wakamtegea mtego kwa kutumia mazoea yake mwenyewe. Halafu kuna Unpacking ya mwaka 2021, ambayo unachofanya ni kutoa vitu kwenye maboksi kila mara mwanamke mmoja anapohama, kuanzia 1997 hadi 2018. Mwaka 2010 anahamia kwa mpenzi wake, na cheti chake cha chuo hakipati nafasi ukutani hata ufanye nini, mwishowe unakisukuma chini ya kitanda. Hapo sikuhitaji ufafanuzi. Kwetu picha ya mahafali inatundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajaletewa maji ya kunywa. Nyumba isiyo na nafasi ya cheti chako si nyumba yako.

Kisa changu kilikuwa chepesi kichwani. Yule fundi alifiwa na baba yake kijijini karibu na Masaka, akaenda mazishini, akakabidhiwa boma la marehemu, na hatarudi tena mjini. Nilitumia Godot, programu ya bure ya kutengenezea michezo isiyoilemea kompyuta yangu kuukuu, nikakijaza chumba: kitandani kitambaa cha gome la mti kilichokunjwa, ukutani gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, iliyoshonwa nusu, dirishani cherehani ya miguu, kapuni ndizi zilizooza, na mezani kitabu cha malipo ya kodi, ambacho kwa kweli nilikiweka kwa sababu meza ilionekana tupu mno.

Watu watano wa hapa Walukuba, Jinja, walikubali kukijaribu. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma muhtasari wa mhadhara ambao wabunifu wa michezo Harvey Smith na Matthias Worch waliutoa mwaka 2010 kuhusu usimulizi wa mazingira, yaani kusimulia kisa kwa mahali na vitu vyake, wakisema kwamba mchezaji ndiye anayeviunganisha vitu hadi vikawa na maana. Nilidhani nimewaelewa. Basi nikakaa nyuma ya kila mchezaji, mikono magotini, bila kusema neno, na nakiri kwamba kunyamaza huko kulinishinda zaidi ya kuandika programu yenyewe.

Shangazi yangu, ambaye ni Mganda, yaani mtu wa Buganda, alipoliona lile gome tu aliuliza, “Mwanangu, nani amekufa?” Nikafurahi. Gome la mutuba ndilo ambalo Waganda humfungia maiti tangu zamani, na utengenezaji wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini rafiki yangu wa kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alilitazama, akasema mama huyu huwauzia watalii mapambo. Jirani yetu mlokole alirudi nyuma kabisa. Kwake gome ni kitu cha vibanda vya waganga, kwa hiyo fundi alikuwa mshirikina na amekimbia baada ya kugunduliwa. Vijana wawili wa mwisho hawakulishughulikia gome hata kidogo. Walikifungua kitabu cha kodi, wakaona miezi mitatu haijatiwa saini, wakahitimisha kwamba ametoroka deni.

Kwa siku kadhaa niliwalaumu wao. Kisha nikaona kwamba kila mmoja alikuwa amesoma sawasawa kile nilichokiweka. Kitabu cha kodi nilikiona pambo, lakini mchezaji aliyeambiwa atafute kilichotokea hana namna ya kutofautisha pambo na dalili. Nikakiondoa. Gome nalo lilikuwa limebebeshwa kisa kizima peke yake, na kitu kimoja kinasema lugha ya kwao tu. Nililiacha pale pale kitandani, ila nikaliwekea majirani: stakabadhi ya basi la Masaka, ya kwenda tu, na daftari lenye orodha ya majina na fedha kidogo kidogo zilizotolewa na majirani, yaani mabugo, rambirambi za Kiganda ambazo jina lake limetokana na gome hilo hilo. Mtu wa Arua hajui neno mabugo, lakini anaijua orodha ya michango ya msiba anapoiona, maana huandikwa sehemu nyingi za nchi hii. Mtu anaweza kudai kwamba daftari ni maneno, hivyo nimevunja kiapo. Sidhani. Mama yule aliiandika orodha ile ili akumbuke watu wa kuwarudishia siku yao ikifika, wala hakumwandikia mchezaji.

Jambo la pili, kwamba hatarudi, ndilo lililonitesa zaidi. Rafiki yangu wa Arua alirudia mchezo baada ya marekebisho, akaelewa msiba, kisha akasema kwa uhakika kwamba mama atarejea baada ya matanga. Nilipomwuliza sababu alinishangaa. “Fundi anaacha cherehani yake namna hii? Anarudi.” Alikuwa sahihi kuliko mimi niliyekitunga kisa.

Usiku ule niliifuta cherehani. Mahali pake, kwenye sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu, nilichora alama nne za miguu ya chuma, katikati doa la mafuta, na vipande vya nyuzi vilivyokusanyika ukutani ambako ufagio haukufika. Gomesi niliiacha palepale, ikiwa haina mikono. Nikalisogeza jua la dirishani liangukie alama zile. Wachezaji wapya waliofuata walisimama hapo bila kuambiwa, na mmoja alijisemea, “Ameibeba. Basi huyu amehama.”

Mwanafunzi mmoja wa kike alizitazama alama hizo kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akageuka akaniuliza kama baba wa binti tunayemcheza ndiye aliyeiuza cherehani. Wazo hilo halikuwahi kunijia. Lakini ufunguo wa akiba ulikuwa kwake, wiki tatu nzima, na binti aliyetumwa kufungua mlango asingekuwa na njia ya kujua. Sikumjibu. Alipoondoka nilikirudisha kitabu cha kodi mezani, safari hii kikiwa na mwezi mmoja tu usiotiwa saini.