Kamba ya Kuanikia Iliniumbua

Nilikuwa naanika nguo, mdogo wangu amekaa kizingitini na simu yake. Akainua macho, akaitazama kamba, akacheka.

"Dada, hivi una nguo ngapi wewe? Mbona kila wiki naona hizi hizi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, kisha nikageuka kuangalia. Mashati mawili ya buluu iliyokolea, moja jeupe, suruali nyeusi iliyonyooka, sketi ndefu ya kijivu, blauzi ya kitani. Basi. Wiki iliyopita zilikuwa hizo, na iliyotangulia pia. Na huko ndani nilikuwa na kabati ambalo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa goti.

Nikaacha beseni palepale, nikaingia kuhesabu. Nguo sitini na tatu, ukiacha za ndani na za kulalia. Kwenye kamba zilikuwa sita.

Zile hamsini na saba kila moja ilikuja na msimu wake. Kulikuwa na jinzi za kubana zilizokuwa zikiniachia mistari kiunoni. Kulikuwa na blauzi zenye matundu mabegani, zilizovuma kila mahali halafu zikapotea kwa mkupuo, kana kwamba waliozivaa walikutana usiku wakakubaliana. Kulikuwa na suruali za kiuno cha chini, ambazo ujanani niliapa sitazivaa tena. Ziliporudi nikawa miongoni mwa wa kwanza kuzinunua. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi hata kidonda cha zamani kilichopakwa rangi mpya nilikiona kinyemi.

Iliyonitia aibu zaidi ni blauzi ya mikono iliyovimba kama maputo. Nilivaa kwenda kwenye kikao kimoja kizito, nikachelewa kidogo, nikafungua mlango watu wote wakiwa wameshakaa. Nikapita. Mkono wa blauzi ukabaki kwenye kitasa. Nilirudi nyuma hatua mbili kama kamba imenivuta, na mlango ukanifuata. Kikao kizima nilikaa nimeibana mikono mapajani. Sikumbuki kilichozungumzwa.

Baada ya ile hesabu ya kabati nilianza kujiuliza msimu ni kitu gani hasa, maana nilikuwa nautii bila kuujua. Kumbe ni kalenda ya biashara. Maonyesho makubwa ya New York, London, Milan na Paris hufanyika mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi huonyeshwa nguo za vuli na baridi, Septemba na Oktoba za machipuko na kiangazi. Yaani huonyeshwa karibu nusu mwaka kabla ya hali ya hewa yenyewe, ili wenye maduka wapate muda wa kuagiza na viwanda muda wa kushona. Nguo ninayoambiwa "ndiyo ya sasa hivi" iliamuliwa nikiwa bado sijamaliza kuivaa ya jana. Na ukiishi mahali ambapo theluji haijawahi kuanguka, unafuata majira ya kwa watu.

Rangi nazo zina mwenyewe. Pantone, kampuni ya Marekani inayozipa rangi majina na namba, imekuwa ikitangaza rangi ya mwaka kuanzia ile ya 2000. Ya 2023 iliitwa Viva Magenta, wekundu mkali wa kuelekea zambarau. Nilinunua koti la namna hiyo. Mwaka uliofuata ikawa Peach Fuzz, rangi ya tunda lililoiva kwa aibu, na 2025 ikawa Mocha Mousse, hudhurungi. Koti langu halikuwa baya hata kidogo, ila halikuwa na mwenzake kabatini. Kila nilipolivaa nilihitaji kununua kitu kingine cha kulisindikiza.

Hata urefu wa gauni una historia ya kuchekesha. Mwaka 1947 mbunifu wa mavazi wa Paris, Christian Dior, alishusha pindo la sketi hadi katikati ya muundi na kulijaza vitambaa, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye ufinyu wa vita. Zipo nchi ambazo nguo zilikuwa bado za mgao. Haikupita miaka ishirini, vijana wa London wa enzi za mbunifu Mary Quant wakawa na sketi zilizoishia juu ya goti. Magoti yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo nikaamua kuacha kuuliza kinachovaliwa, nikaiuliza kamba.

Nilichukua daftari, nikaligawa mistari, na kwa miezi mitatu kila nilipoanika niliandika kilichopanda kambani. Sikubadilisha chochote kwa makusudi. Nilivaa kama ninavyovaa nikichelewa, nikiumwa kichwa, nikiwa na furaha, nikienda mahali pa maana. Mwishoni zilikuwa nguo kumi na nne zilizokuwa na alama zaidi ya mbili. Kumi na nne kati ya sitini na tatu. Nyingine zilikuwa na alama moja au mbili, na nyingi hazikuwa na kitu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kujua kwamba unaipenda nguo hakutoshi, inabidi ujue inakufanyia nini. Nilizitandaza kitandani zote kumi na nne na kuzichunguza kama mpelelezi. Nilitegemea kukuta rangi. Niliyoyakuta ni mengine. Kumi na moja zilikuwa na mifuko. Karibu zote za juu zilikuwa na kola, au shingo iliyosimama, na mikono inayokunjika ikabaki ilipokunjwa. Hakuna hata moja iliyodai nguo maalumu ya ndani. Hakuna iliyohitaji kushikiliwa nikiinama. Na mshono wa bega ulikuwa unakaa juu ya mfupa, haukuning'inia wala haukupanda shingoni.

Hilo la bega sikulitambua mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea fundi wangu koti fulani anipunguzie. Akaliinua, akanivalisha, akazunguka nyuma yangu kimya, kisha akatikisa kichwa. "Dada, kiuno nitakupunguzia, urefu nitaukata, mkono nitaufupisha. Lakini bega hili si lako. Nikiligusa bega inabidi niling'oe koti zima." Tangu siku hiyo nikijaribu nguo naangalia bega kabla ya kitu kingine chochote. Mabega yangu ni mapana, na msimu wa mabega yaliyoshuka ulikuwa unanifanya nionekane nimeazima. Miaka yote hiyo nilidhani kasoro ni mwili.

Ila lililoniuma zaidi ni hili: mtindo niliokuwa nikijitangazia haukuwa wangu. Ungeniuliza ningesema napenda nguo laini, maua madogo madogo, marinda. Na kweli nazipenda, kwa macho. Nikimwona mtu amevaa gauni la marinda moyo unayeyuka. Nilikuwa nayo saba, na katika miezi mitatu sikuanika hata moja. Kuna nguo za kutazama na nguo za kuvaa, na mimi nilikuwa nikinunua za kutazama halafu nashangaa kwa nini sina cha kuvaa.

Basi, kama kawaida yangu, nikapitiliza. Siku moja nilijaza mifuko, nikagawa karibu kila kitu, nikabaki na buluu, nyeupe, nyeusi na kijivu. Nilijiona nimefika. Baada ya wiki chache mtu niliyekutana naye kwenye lifti aliniuliza choo kiko upande gani. Alidhani nimevaa sare ya jengo. Na katika kugawa huko niliitoa sketi moja ya rangi ya haradali ambayo ilikuwa na alama moja tu daftarini, lakini ni ile niliyokuwa nikiivaa siku za kufurahi. Daftari linahesabu mara, halijui siku. Mpaka leo naitafuta nyingine yake.

Baada ya hapo nikawa mpole. Sasa msimu ukija siufungii mlango, nauachia kipenyo. Kila wimbi la mitindo huja na mambo manne kwa pamoja: umbo, rangi, kitambaa na urefu. Mimi huchukua moja tu, mengine matatu nayaacha yawe yangu. Suruali pana ziliporudi (mama zetu wangeziita bugaluu, japo bugaluu ilibana juu ikapanuka chini, na hizi ni pana tangu nyongani) nilichukua umbo. Lakini rangi ilikuwa buluu yangu, kitambaa pamba nzito, na urefu ule wa kufunika kisigino bila kufagia sakafu. Nilipoivaa hakuna aliyesema "umenunua mpya." Waliniambia nimependeza. Hudhurungi ilipokuja niliipenda kweli, nikaichukua kama rangi peke yake, kwenye shati lenye kola na mifuko kama mengine yote.

Mara nyingine hakuna hata moja linalonifaa, na msimu unapita kama basi la njia nyingine.

Simu ndiyo jaribu kubwa. Ukitazama koti mara moja, litakufuata wiki nzima kila unakogusa. Nilijaribu kujizuia kwa nguvu, ikashindikana. Sasa naihifadhi picha, halafu najilazimisha kuandika chini yake nguo tatu za kambani nitakazolivalia. Tatu zilizopo, sio nitakazonunua. Mara nyingi nakwama kwenye ya pili. Zikifika tatu nasubiri mwezi, na nusu ya picha hizo nikizirudia najiuliza zilinipendeza kwa nini.

Watu nao wana maneno. Mfanyakazi mwenzangu, mtu wa mzaha, alisema mbele ya wengine, "Shati hili tunalijua sasa, tulilipe mshahara." Zamani ningerudi nyumbani na kununua. Siku hiyo nilicheka na wenzangu, nikagundua kwamba haikuuma. Nadhani kinachouma ni kuchekwa ukiwa umevaa kitu ambacho hata wewe hukiamini.

Nguo zikiwa chache zinachakaa haraka, hilo lazima niliseme wazi. Nimejifunza kuzitunza kuliko nilivyowahi. Zile za buluu naziosha kwa maji baridi, nazigeuza ndani nje, na kuzianika kivulini, kwa sababu jua hula rangi iliyokolea mabegani kwanza. Jinzi zenye uzi wa kuvutika, ule unaoitwa elastani, siziachi karibu na mashine ya kukaushia: joto linaua mvutiko, na goti likishatokeza halirudi. Kitani kinakunjamana na nimekiacha kikunjamane. Sina ugomvi nacho.

Mwili nao ulibadilika katikati ya mambo haya. Nilinenepa. Niliogopa kwamba yote yamevunjika, nitaanza upya. Kumbe kilichobadilika ni vipimo tu. Suruali mbili zilikuwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma, fundi akazifungua nikapumua. Iliyokuwa imeshonwa kwa kubania kitambaa haikuwa na akiba, ikaenda kwa mdogo wangu. Sasa nikinunua nageuza nguo ndani, natazama kama mshono una ukarimu. Wauzaji wengine hunishangaa.

Lile shati la kwanza la buluu, lililokuwa kambani siku niliyochekwa, lilianza kukatika kwenye kunjo la kola. Fundi aliifumua kola, akaigeuza upande wa chini ukaja juu, nikalivaa kama jipya. Kola hugeuzwa mara moja tu. Mwezi uliopita na upande wa pili ukakatika, na viwiko vimebaki utando.

Nililitafuta la kufanana nalo kila mahali, sikulipata. Kola za sasa zimetanuka kama masikio ya tembo, na mabega yameshuka tena. Wiki hii nimempelekea fundi kitambaa, pamoja na shati lenyewe alifumue mshono kwa mshono apate ruwaza. Moyo uliniruka aliposhika mkasi. Akaniuliza kama aitanue kola kidogo, maana ndizo zinazotoka siku hizi. Nikamwambia aiache ilivyo. Mfuko tu ndio aongeze kina. Simu zimekuwa kubwa.