Kutoka Malindi hadi Shangani, kwa kufuata kuta

Nilishuka boti Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikafuata barabara ya Mizingani, bahari mkono wa kulia. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan iko papo hapo karibu na bandari. Roshani zake za mbao zilikarabatiwa miaka ya 1990, na kwangu bado ndiyo kipimo cha kazi safi.

Mbele ni Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), kasri ya Sultan Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki. Inauma kuitazama.

Nikakata kuingia vichochoro vya Hurumzi. Vyumba huku ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba sakafu ya juu ndipo inapoishia. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi: mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta huu hunywa maji ya ardhini kisha huyatoa kupitia lipu ya chokaa.

Nyumba moja ilikuwa imepigwa lipu ya saruji. Usawa wa kiuno lipu imevimba; ukiigonga inalia tupu. Palipobanduka, chokaa ya ndani imekuwa unga na chumvi nyeupe imetanda. Saruji imeyafungia maji njia, nayo yamepanda juu hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Huko ndiko boriti huoza, na ukiwa chini huoni kitu. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, usipandishe mtu juu.

Kuelekea Shangani nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli. Kila chumba kina bafu, na juu kuna tangi. Lita 1,000 ni tani nzima juu ya boriti zilizowekwa kubeba watu na makasha, na bomba likivuja ndani ya ukuta hakuna anayejua mpaka rangi ibadilike.

Anayekarabati aanze na paa na mifereji, kisha mabomba, kisha abadilishe boriti. Lipu ni ya mwisho: chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, usio wa pwani kwa sababu ya chumvi. Ipigwe tabaka jembamba jembamba, inyunyiziwe maji na kukingwa jua. Ikikaushwa haraka itapasuka, na fundi atarudi kudai saruji. Asikubaliwe.